Soksi za Kubana Hazipimwi kwa Namba ya Kiatu

Kuna mteja ametutangaza kwenye grupu la joging kwamba soksi za kubana tunazouza dukani kwetu ni soksi za shule kwa bei ya suti. Anasema alizivaa baada ya mbio, vidole vikafa ganzi na vigimbi vikauma vilevile. Kule hatutamjibu. Tunajibu hapa, kwa sababu lalamiko hili si lake peke yake.

Siku ile tulitaka kumpima. Akasema bodaboda inamsubiri nje, tumpe tu namba 42. Tukamweleza: soksi hizi huendana na mzunguko wa mguu juu kidogo ya kifundo, na mzunguko wa kigimbi pale kilipojaa. Watu wawili wanaweza kuvaa kiatu namba 42, mmoja ana kigimbi cha sentimita 34, mwingine 43. Kwa shingo upande akakubali futi, ikatoka saizi M. Kesho yake akarudi na pakiti haijafunguliwa, anataka S "ili zibane vizuri". Tulimkataza, akasisitiza. Ganzi ilianzia hapo.

Soksi ya kubana iliyotengenezwa sawasawa hukaza zaidi kwenye kifundo, kisha hulegea taratibu kuelekea goti, ili kuisaidia damu inayopanda kurudi moyoni. Mkazo wake hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu. Tunazouzia wakimbiaji ni za 15 hadi 20. Za 20 hadi 30 hatumpi mtu kabla ya kumuuliza maswali. Ukichukua ndogo, mpangilio huo unavurugika, kigimbi kinakabwa kuliko kifundo. Halafu wengine wakiona zinawasumbua wanakunja mdomo wa juu. Usikunje! Ukikunja, lastiki inakuwa tabaka mbili mahali pamoja, na hapo umejifunga kamba chini ya goti.

Tukija kwenye mtumba. "Soko la Sabasaba zipo za elfu tatu," tunaambiwa kila wiki. Zipo, na hata koti ninalovaa asubuhi za Julai nililitoa hukohuko. Lakini kazi yote ya soksi hii iko kwenye nyuzi za spandeksi, zile zinazovutika kama lastiki, na nyuzi hizo huchoka. Jozi mpya ikivaliwa mara kwa mara huanza kulegea ndani ya miezi mitatu hadi sita. Ya mtumba imeshamaliza miezi yake kwenye miguu ya mtu mwingine. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) alinunua hizo, zikalegea, akanunua nyingine tena na tena, mwisho akazikata nyayo apate za kuvaa kigimbini tu. Zikaanza kufumuka kuanzia kwenye mkato. Alipokuja kwetu alikuwa ameshatumia zaidi ya 38,000, bei ya jozi yetu moja.

Na ukishanunua, usiziue. Jiki hula spandeksi, maji ya moto vilevile, na pasi ndiyo kabisa. Fua kwa mkono, maji baridi, anika kivulini. Kwa upepo wa Dodoma zitakauka haraka tu, jua la saa saba la nini?

Tangu Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, wanaoulizia soksi ndefu wameongezeka. Karibuni, ila tusidanganyane. Maumivu yanayokuja kesho yake, na mara nyingi kukolea siku ya pili, yanatokana na michaniko midogo ndani ya misuli, hasa ukikimbia kwenye mteremko kama ule wa kutoka UDOM kurudi mjini. Si asidi iliyoganda miguuni, kama wengi wanavyodhani. Hiyo mwili huiondoa mapema baada ya mazoezi. Soksi hupunguza maumivu na uvimbe kwa kiasi, haivifuti. Ivae saa kadhaa baada ya mbio, ivue unapolala. Ukiwa hujala, hujanywa maji na umelala kwa saa nne tu, usiilaumu soksi.

Wapo tunaokataa kuwauzia. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, au mwenye tatizo la mishipa inayopeleka damu miguuni, apite kwanza kwa daktari. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, au mkojo ukiwa mweusi kama koka baada ya mazoezi makali, nenda hospitali moja kwa moja. Mzee mmoja alituona tuna maringo tulipomrudishia fedha yake kaunta. Sawa.

Njoo kupimwa asubuhi, miguu haijavimba kwa kusimama kutwa. Kupima ni bure. Tunabadilisha saizi ndani ya siku saba kama pakiti haijafunguliwa. Iliyovaliwa haturudishi, ni vazi la jasho. Bei haipungui, hata ukija na shemeji yangu.