Senge, ukurasa wa nyanya yetu Kukhu uko karibu mtupu

Mulembe Senge, shangazi yangu,

Natumai mko salama hapo Kaptembwa, Nakuru, na goti lako limetulia kidogo. Huku Leeds baridi imeingia lakini kazi iko, watoto wako shule, hakuna neno. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga juu haya mambo ni mengi na kwa simu yanapotea, mwambie huyo binti yako akusomee polepole, na pahali hamjaelewa msome tena.

Unajua vile mambo ya ukoo wetu yametawanyika, picha ziko kwa droo ya baba mdogo, karatasi za babu yetu Kuka ziko kwa lile sanduku la chuma, hadithi ziko kwa grupu ya WhatsApp katikati ya matangazo ya harambee na mtu akipoteza simu zimeenda nayo. Sasa nimeanza kuyakusanya kwa wiki yetu wenyewe, kama ile Wikipedia watoto wanasomea, ila hii ni ya watu wetu tu. Kila mtu ana ukurasa wake, kila kijiji pia, na ukibonyeza jina linakupeleka kwa ukurasa wa huyo mtu. Natumia programu inaitwa DokuWiki, ni ya bure, inaweka kila ukurasa kama faili ya maandishi ya kawaida, kwa hivyo hata programu yenyewe ikifa maneno yetu yatafunguka kwa kompyuta yoyote. Na mtu akibadilisha kitu, ile ya zamani haifutiki, unaweza kurudi nyuma uone nani alibadilisha nini na lini. Kwa familia kama yetu hiyo ni muhimu sana.

Binamu aliniuliza kwa nini nisitumie tu hizi programu za kuchora mti wa ukoo. Nilizijaribu. Zinakuuliza amezaliwa lini, ameoa nani, amekufa lini, halafu zinanyamaza. Zile nilizojaribu hazikunipa pahali maalum pa kuandika huyu aliitwa jina la nani, na kwetu hilo ndilo la kwanza. Akina Wafula peke yao kwetu wamejaa, babu na mjukuu na mtoto wa binamu, kwa wiki nimewatengenezea ukurasa wa njiapanda, unaingia hapo unachagua ni Wafula gani unatafuta na amerithi jina kutoka kwa yupi. Mahali pia ni hivyo hivyo. Karatasi ya zamani ikisema Broderick Falls inakupeleka Webuye, na North Nyanza, Elgon Nyanza na Bungoma zimeshikanishwa ili mtoto wa Nakuru asidhani tulikuwa tunahamahama kila mara na hali ni serikali ilikuwa inabadilisha majina.

Na miaka sasa! Kitambulisho cha Kuka kinasema 1928. Lakini ile picha yake ya jeshi nilipoikuza nikaona begani kuna kichwa cha kifaru, na hiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walipigana Burma kwa bonde la Kabaw mwaka wa 1944 na kufika Kalewa kwa mto Chindwin ile Desemba. Yale matope alikuwa anatuhadithia ndiyo hayo, walipita huko wakati wa mvua. Sasa mtu wa 1928 angekuwa na miaka 16 tu. Halafu kuna rika la tohara. Kuka alikuwa wa Bakinyikeu, na sisi Babukusu tunatahiri mwaka wa shufwa, kwa hivyo ukijua rika na ukijua alipashwa tohara pamoja na akina nani, unakaribia mwaka wenyewe kuliko yule karani aliyejaza fomu. Nimeandika kwamba alizaliwa karibu 1920 na nikaeleza sababu zote hapo chini, kitambulisho pia nimekiweka, kila mtu ajionee.

Nilienda mpaka jumba la kumbukumbu la taifa huko Kew, London, wana daftari za kila siku za vikosi vya wakati huo wa Burma, unaweza kusoma leo kikosi kililala wapi na kesho kilivuka wapi. Majina ya askari wetu ni nadra humo, ya maofisa ndiyo mengi. Lakini safari ya kikosi nimeipata na nimeiweka.

Kuhusu vile tulifika Nakuru, wewe umesema siku zote Kuka alikuja na kazi ya reli, baba mdogo anashikilia kwamba alianza kwa shamba la mzungu upande wa Njoro, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Mau Mau, baada ya 1952, Wakikuyu walipokuwa wanafukuzwa mashambani na watu wa magharibi wakiandikwa kuchukua nafasi zao. Sitaki kuamua. Zote mbili ziko kwa ukurasa, yako iko chini ya jina lako na yake chini ya jina lake, na pengine shamba lilikuja kwanza na reli baadaye. Tafadhali msigombane juu ya hiyo Krismasi.

Sasa Senge nifike kwa lile lililonifanya niandike. Ukurasa wa Kuka ni mrefu kwa sababu karatasi zilimfuata, kipande cha mkoloni, jeshi, reli, risiti za kodi. Ukurasa wa Kukhu una mistari michache tu. Kwa wiki jina ambalo halina ukurasa bado linatokea kwa rangi nyekundu, na ukifungua wa Kukhu karibu kila jina ni jekundu, mama yake, dada zake, yule shangazi aliyemlea, ukoo wa baba yake. Hakuna karani aliyewahi kumwandika popote. Huyu ndiye alitulisha sisi sote na biashara ya mboga, inaniuma sana abaki mstari mmoja pembeni ya mume wake. Waliomjua akiwa msichana wameisha, wewe ndiye umebaki ambaye alikuwa anakuambia mambo yake jikoni.

Kwa hivyo nakuomba uongee. Usiandike, ongea tu kwa simu, urekodi kidogo kidogo, na uongee Lubukusu vile mlikuwa mnaongea naye, usijisumbue na Kiswahili, mimi nitaandika chini na sauti yako itabaki hapo hapo kwa ukurasa. Alitoka boma gani? Alipewa jina la nani? Alisafiri vipi mpaka Nakuru na alikuwa amebeba nani mgongoni? Kwa soko alikaa na akina nani? Nyimbo za kubembeleza watoto uimbe, usizieleze.

Ile video ya mazishi ya Kuka, siku mzee aliposwala kumuse, ile hotuba yetu ya mazishi, akitaja koo moja moja, iko kwa simu ya binamu. Mwambie aitume kama dokumenti, akituma kama video ya kawaida inabanwa na sauti inaharibika. Na kabla sijaiweka, mtu aende kwa huyo mzee amuulize kama anakubali, hayo maneno ni yake.

Mambo ya shamba na kesi hayaingii, na kurasa za walio hai zimefungwa, haufungui bila paswadi. Wewe yako utaisoma kwanza, ukisema toa natoa. Desemba nitachapisha kurasa zote nimpe kaka alete kitabu nyumbani Webuye, na nitampa pia flashi kwa wale hawana bando.

Binti yako akiwa na nafasi Jumapili jioni nitapiga, tuanze na huyo shangazi aliyemlea Kukhu, juu jina lake hata sina. Salimia baba mdogo na wote wa hapo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako