Kwa Nini Nachangisha Pesa za Filamu ya Kriketi

Upanga, Dar es Salaam

Baba Zuhura, swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi huku tu wazima, tunalalamikia joto tu kama kawaida ya watu wa Dar.

Ujumbe wako niliupata, na swali lako limenikaa kichwani. Umeniuliza kwa nini mtu wa Upanga, ambaye nchi yake haijawahi kucheza hata mechi moja ya Testi, ile kriketi ndefu ya mataifa inayochezwa kwa siku 5, azunguke kuchangisha pesa za watu ili atengeneze filamu kuhusu mustakabali wa Testi. Ukaniuliza pia nani atachangia, wakati mapenzi ya watu hapa yako Simba na Yanga. Majibu yake hayaenei kwenye simu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Hilo la kwanza nalijibu kwa kukurudisha kwenye uwanja ambao wewe uko nao karibu kuliko mimi. Tarehe 24 Februari 2003, pale Nairobi Gymkhana, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53, yaani pointi za kriketi. Collins Obuya aliangusha wiketi 5, yaani aliwatoa wapigaji 5, na kuruhusu mikimbio 24 tu. Siku chache baadaye, Johannesburg, Kenya ikaifunga Bangladesh, ambayo ilikuwa na hadhi ya Testi, yaani ruhusa rasmi ya kucheza Testi, tangu mwaka 2000. Wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mizunguko 50 (mechi za siku moja, kila mzunguko mipira 6), wakatolewa na India kule Durban. Hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya Testi iliyowahi kufika hapo. Nchi nzima ya jirani zetu ilijua kwamba zamu yao imefika, wakaomba kupandishwa, na hawakupandishwa. Ni kweli chama chao chenyewe kilikuwa na migogoro mizito, na filamu haitalificha hilo. Lakini Bangladesh ina watazamaji wengi mno kuzidi Kenya, na televisheni hufuata watazamaji. Mwaka 2014 Kenya wakapoteza hata ile hadhi ya kimataifa ya mechi za siku moja.

Kwa hiyo watu wa London na Melbourne wanapohuzunika leo kwamba Testi inakufa, mimi nasikia habari ambayo Afrika Mashariki ilishaisikia zaidi ya miaka 20 iliyopita. Sisi tulikuwa wa kwanza kuonyeshwa kwamba mchezo huu una wenyewe. Hiyo ndiyo filamu yangu, Baba Zuhura. Nataka Testi isimuliwe kutoka upande wa walioachwa nje ya uzio.

Fedha zake zinavyogawanywa ndiyo kiini cha habari yote. Timu inapokwenda ugenini kucheza Testi, mwenyeji ndiye anayeuza haki za televisheni na ndiye anayebaki na mapato. Mgeni harudi na kitu. India, Uingereza na Australia wakitembeleana, kila mmoja anavuna kwa zamu. Zimbabwe ikiikaribisha Ireland, ni siku 5 za gharama na hakuna mnunuzi wa maana wa matangazo. Mei 2025 Zimbabwe ilikwenda Uingereza kucheza uwanja wa Trent Bridge, na safari hiyo Waingereza wakakubali kuwalipa kwa ziara yao. Jambo hilo lilionekana geni. Mimi najiuliza lilikuwaje geni muda wote huo, maana mechi haichezwi na timu moja.

Mwaka 2014 hao watatu wakubwa walijipangia sehemu kubwa zaidi ya madaraka na mapato ya ICC, baraza la kriketi duniani. Mpango huo ulirekebishwa baadaye, lakini katika mgawo wa 2024 hadi 2027 India peke yake inapata takribani asilimia 38.5. India wanajitetea kwamba wao ndio wanaoleta sehemu kubwa ya pesa hizo, na nitawapa nafasi ya kulisema hilo mbele ya kamera, kwa sababu ni hoja ya kweli.

Juu ya hayo kuna ligi za mizunguko 20, mechi fupi za saa chache. IPL, ligi ya India, ilianza 2008 na nyingine zikafuata kila pembe. Februari 2024 Afrika Kusini ilipeleka New Zealand kikosi ambacho wachezaji 7 kati yao walikuwa hawajawahi kucheza Testi, na nahodha Neil Brand alikuwa mmoja wao. Nyota walibaki nyumbani kucheza ligi. Simlaumu mchezaji hata mmoja. Kijana mwenye familia akiahidiwa malipo makubwa kwa wiki chache za kazi, nani atamwambia akatae kwa ajili ya heshima ya mchezo?

Hata hivyo sitaki filamu ya matanga. Wiki chache tu kabla ya hapo, Januari 2024, Shamar Joseph, kijana kutoka kijiji cha Baracara kule Guyana, aliyekuwa mlinzi kabla ya kriketi kumtoa, aliingia uwanjani Brisbane akiwa na kidole cha mguu kilichoumizwa na mpira. Akaangusha wiketi 7, West Indies wakashinda kwa mikimbio 8, ushindi wao wa kwanza wa Testi nchini Australia kwa miaka 27. Niliangalia siku ile kwenye simu na machozi yalinitoka. Na Juni 2025 Temba Bavuma, nahodha wa kwanza Mwafrika mweusi wa Afrika Kusini katika Testi, alinyanyua rungu la ubingwa wa Testi pale uwanja wa Lord's, London, baada ya kuifunga Australia, na Aiden Markram alipiga mikimbio 136. Mwezi uliofuata West Indies wale wale wakatolewa wote kwa mikimbio 27 kule Kingston. Mchezo unaoweza kutoa yote hayo haujaisha ladha, kilichopungua ni nani anaupa nafasi.

Kuna mechi moja ninayotaka filamu ianzie. Machi 1939, Durban, Uingereza na Afrika Kusini walikubaliana kucheza mpaka mshindi apatikane, hata ichukue siku ngapi. Wakaanza tarehe 3. Tarehe 14 Uingereza walikuwa wamefikisha mikimbio 654 kwa kupoteza wiketi 5, na walihitaji 696. Ilibaki mikimbio 42, basi. Mvua ikanyesha, na Waingereza wakalazimika kuondoka kuwahi meli ya kurudi kwao kutoka Cape Town. Mechi ikaisha sare. Naipenda hadithi hii kwa sababu inaonyesha kwamba urefu wa Testi tangu zamani uliamuliwa na kitu kilicho nje ya uwanja. Wakati ule ni ratiba ya meli, leo ni ratiba ya ligi na televisheni.

Na watoto wetu je? Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la 2026, lile la Zimbabwe na Namibia. Nimewaona vijana wa rika lao wakifanya mazoezi uwanja wa Chuo Kikuu, wana mikono na wana macho. Lakini kutoka hapo hakuna ngazi ya kupanda hadi Testi. Yalikuwepo mashindano ya mechi za siku 3 au 4 kwa nchi ndogo, Intercontinental Cup, yaliyoanza 2004 na Kenya na Uganda wakashiriki. Toleo la mwisho liliisha 2017, mwaka ule ule Ireland na Afghanistan walipopewa hadhi ya Testi. Baada yao, ngazi ikaondolewa.

Sasa swali la pesa. Ningeweza kuomba udhamini kwa kampuni au kwa chama cha kriketi mahali fulani. Ila picha za mechi zenyewe zinamilikiwa na vyama na vituo vya televisheni, na nitalazimika kuzinunua kwao kwa bei ya dakika. Nikichukua na mtaji kutoka kwao, nitakuwa nimebakiwa na uhuru gani wa kuwauliza maswali? Ndiyo maana naamini katika michango midogo ya watu wengi. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili: kundi la WhatsApp linafunguliwa, ahadi zinaandikwa, mweka hazina anakumbusha kila jioni, na harusi inafanyika. Kickstarter haipokei miradi inayoanzishwa kutoka Tanzania, lakini sheria yao moja nimeichukua. Lengo lisipofikiwa hadi siku tuliyotangaza, kila mtu anarudishiwa pesa yake. Ada ya kurudisha kwa simu nimeshaitenga kutoka mfukoni mwangu, ili aliyetoa shilingi 2,000 arudishiwe 2,000 kamili. Kibali cha Bodi ya Filamu nacho nakifuatilia, kwa kuwa bila hicho siwezi kusimamisha kamera popote hapa.

Lengo ni shilingi milioni 40. Nyingi zitaliwa na safari za Nairobi, Harare na Durban, na haki za picha. Wachangiaji wa kwanza wamekuwa wazee wa Upanga waliokua na kriketi, lakini wameanza kuja vijana wa Temeke na Mbagala waliofundishwa mchezo shuleni, na wanauliza maswali makali kuliko wazee.

Kwako nina maombi mawili. Kwanza, uwe mmoja wa watu watatu wanaoona hesabu, kila shilingi inayoingia na kutoka. Watu wanakujua huoni haya kuuliza pale inapohusu pesa ya watu. Pili, nenda Nairobi Gymkhana mwishoni mwa wiki, ukae na wazee wa pale, uwasikilize wanavyoisimulia ile 2003. Usiwarekodi bado. Nataka kujua nani yuko tayari kuzungumza na nani bado anaumia mno.

Nitakutumia rasimu ya bajeti kesho. Ipitie kwa kalamu nyekundu, hasa mstari wa Harare, nahisi nauli nimeiweka chini.

Ndugu yako,
Baba Nasra