Tarehe za mwisho za matoleo ya Linux nazo zitangazwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja ambalo kurasa za teknolojia huliacha, ingawa linawagusa watu wengi wanaotumia kompyuta zenye mfumo endeshi wa Linux. Toleo jipya linapotoka, habari zake huandikwa mara moja pamoja na picha za mwonekano wake. Toleo la zamani linapofikia mwisho wa kuhudumiwa, ni nadra kuona hata mstari mmoja, na mwenye kompyuta huendelea kuitumia akidhani kuwa mambo yako sawa.

Nasema hivyo kwa sababu nami nilidhani hivyo. Mimi ndiye ninayetunza kompyuta ya kikundi chetu, yenye orodha ya wanachama, mihutasari ya mikutano na hesabu za miaka kadhaa. Ilikuwa imewekewa Debian, mmoja wa mifumo ya jamii ya Linux, toleo la 10 lililotoka Julai 2019. Kila toleo la Debian huhudumiwa kwa takriban miaka 3, kisha kikosi kingine hulibeba kwa miaka 2 zaidi, yaani huduma ya muda mrefu, na kwa Debian 10 safari hiyo iliishia Juni 30, 2024. Sikuijua tarehe hiyo. Kwa miezi kadhaa baadaye niliendelea kuagiza masasisho kila Jumatatu, na kila Jumatatu kompyuta ilinijibu kwamba programu zote ni za karibuni. Nililipokea jibu hilo kama mgonjwa anavyopokea habari ya kupona. Kumbe halikuwa na maana hiyo hata kidogo: ghala la programu, yaani mahali kwenye mtandao ambapo kompyuta huchukua masasisho, lilikuwa bado lipo, lakini hakuna aliyekuwa akiweka kitu kipya ndani yake. Ghala lenyewe lilipohamishiwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu ndipo ujumbe wa makosa ulipoanza kutokea, na ndipo nilipouliza.

Naifahamu hoja ambayo wenzangu wengi hunipa, kwamba Linux haishambuliwi kama mifumo mingine, na kwamba programu iliyotumika miaka mingi bila tatizo imekwisha kuthibitika. Sikubaliani nayo, na sababu zangu zimo katika historia ya Linux yenyewe. Kasoro iliyoitwa Dirty COW ilikaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, tangu mwaka 2007, na haikurekebishwa hadi Oktoba 2016. Nyingine, PwnKit, ilikuwamo katika programu ya pkexec tangu mwaka 2009 ikafichuliwa Januari 2022. Kwa kuitumia hiyo, mtu aliyekwisha kuingia kwenye kompyuta akiwa mtumiaji wa kawaida tu angeweza kujipa mamlaka yote ya msimamizi. Umri haukuzisafisha programu hizo. Kilichobadilika siku ya kufichuliwa ni kwamba kila mtu, mwema na mwovu, alielezwa mahali ulipo ufa, na usalama wa kila kompyuta ukawa unategemea kama masasisho bado yanaifikia. Mwenye toleo lililokwisha huduma hubaki na ufa huo wazi, huku maelezo yake yakiwa mikononi mwa yeyote anayeyataka.

Zipo pia dalili zisizohusu mashambulizi. Septemba 30, 2021, cheti kikuu kiitwacho DST Root CA X3, yaani hati ya kidijitali ambayo kompyuta huitumia kuthibitisha kwamba tovuti ni ya kweli, na ambacho tovuti nyingi zenye vyeti vya shirika la Let's Encrypt zilikuwa zikikitegemea, kilimaliza muda wake. Kompyuta na simu za zamani ambazo hazikuwa zimepokea cheti mbadala zikaanza kukataa kufungua tovuti zilizokuwa zikifunguka siku iliyotangulia. Wengi walidhani intaneti ndiyo iliyoharibika.

Sasa niseme kuhusu namna ya kuhama, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia. Fundi niliyemwita alitaka kufupisha njia. Alifungua faili la sources.list, ambalo huiambia kompyuta ichukue programu kutoka ghala lipi, akafuta jina la toleo la 10, akaandika la 12, kisha akaamuru kila kitu kisasishwe kwa mkupuo mmoja. Katikati ya kazi programu zikaanza kugombana, nusu zikiwa za kale na nusu mpya, na kompyuta ilipozimwa haikuweza tena kuwaka hadi kufika mahali pa kuandika nenosiri. Hesabu tulikuwa na nakala yake kwenye flashi. Mihutasari ya miaka miwili hatukuwa nayo, na fundi alipoifuta diski ili aanze upya, ilipotea yote. Baadaye nilikuja kujua kwamba mafaili hayo yalikuwa salama muda wote ule: ilitosha kuiwasha kompyuta kwa Linux iliyowekwa kwenye flashi, kuyanakili kwenye diski ya nje, na ndipo diski ya ndani iguswe. Jambo hilo linaniuma hadi leo, nami naliandika hapa ili mwingine asifikwe nalo.

Maelezo rasmi ya Debian yanasema wazi kwamba kuruka toleo hakukubaliki. Anayetoka 10 hupitia 11, kisha 12, ndipo afike 13, toleo lililotoka Agosti 2025. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, nayo hufuata ngazi kwa ngazi, kutoka 18.04 hadi 20.04, kisha 22.04 na 24.04. Kila ngazi ina badiliko lake ambalo mtu hana budi kulisoma kabla ya kuanza. Kati ya Debian 10 na 11, jina la ghala la masasisho ya usalama lilibadilika kutoka buster/updates kuwa bullseye-security (buster ni jina la toleo la 10, na bullseye la 11), kwa hiyo anayebadilisha neno moja tu katika faili lile hujikuta na anwani isiyokuwepo. Toleo la 12 nalo lilitenga sehemu mpya iitwayo non-free-firmware, na asiyeiongeza anaweza kukosa masasisho ya programu zinazoiwezesha kadi yake ya Wi-Fi kufanya kazi.

Anayeanzia kwenye toleo lililokwisha kuhamishwa aielekeze kwanza kompyuta yake archive.debian.org ili akamilishe masasisho ya mwisho yaliyobaki, aondoe kwa muda maghala ya watu wengine aliyoyaongeza, na ahakikishe diski ina nafasi ya kutosha, hasa sehemu ya /boot, yenye mafaili ya kuiwashia kompyuta, kama imetengwa peke yake, kwani huko kerneli za zamani hujazana hadi kazi ikakwama njiani. Nakala ya mafaili yote iwe imekwisha kufanywa, na iwe imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba inasomeka. Hata hivyo, kwa maoni yangu, aliyeachwa nyuma kwa zaidi ya matoleo mawili afadhali anakili mafaili yake na kuweka mfumo upya kabisa, kwa sababu kupanda ngazi tatu mfululizo ni kukaribisha hitilafu mara tatu.

Kuhusu vifaa, lazima niwe mkweli. Debian 13 haina tena njia ya kuiweka kwenye kompyuta zenye prosesa ya biti 32 peke yake, na Ubuntu iliziacha kompyuta hizo miaka kadhaa kabla yake. Lakini mtu asiitupe kompyuta yake kabla ya kuandika amri ya lscpu, ambayo huonyesha aina ya prosesa, na kusoma majibu, kwa sababu zipo kompyuta zilizowekewa mfumo wa biti 32 ilhali prosesa zake zinamudu biti 64. Hizo zinahitaji tu mfumo kuwekwa upya. Zile ambazo kweli ni za biti 32 zinaweza kutumia Debian 12, ambayo huduma yake ya muda mrefu imepangiwa kufika Juni 2028. Na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi (RAM) inaweza kuwekewa mazingira mepesi ya mwonekano wa skrini kama Xfce au LXQt ikaendelea kufanya kazi vizuri. Wenye Ubuntu ya zamani nao wana nafasi nyingine ambayo wengi hawaijui: mpango wa Ubuntu Pro huongeza masasisho ya usalama hadi kufikia miaka 10 tangu toleo la muda mrefu litoke, na mtu binafsi anaruhusiwa kuusajili bila malipo kwa kompyuta zisizozidi 5.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila mwandishi wako anapolisifu toleo jipya la Linux, na aandike katika habari hiyo hiyo tarehe ambayo toleo hilo litaacha kuhudumiwa, kwa maana tarehe hiyo hujulikana mapema. Na mara moja kila baada ya miezi michache, ukurasa wa teknolojia utenge kisanduku kidogo cha matoleo yanayokaribia mwisho. Vilevile nawaomba wanaouza au kugawa kompyuta zilizokwisha kutumika wabandike tarehe hiyo kwenye kompyuta yenyewe, mahali ambapo mtumiaji ataiona kila anapoifunua.

Kisanduku hicho kinaweza kuanza na tarehe hizi: huduma ya muda mrefu ya Debian 11 inakoma Agosti 31, 2026, na huduma ya kawaida ya Ubuntu 22.04 inakoma mwaka 2027.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa siku nyingi