Barua kwa mwanangu: usiunganishe supa kabla hujasoma ukurasa wa bima

Marahaba mama,

Meseji yako nimeiona jana usiku, kwamba umepata kazi mpya huko Perth na unataka zile akaunti zako mbili za supa, hii akiba ya uzeeni, uziunganishe ziwe moja usikatwe ada mara mbili. Hongera sana kwa kazi. Na wazo si baya, ada kweli zinakula hela, ila nakuomba usibonyeze kitu kwanza, nisome hadi mwisho, maana humo kwenye supa ndimo ilimotoka hela ya kula ya nyumba hii kipindi chote naumwa na hatujawahi kukaa nikakueleza vizuri, we ulikuwa na mitihani ya chuo na mama yako alisema tusikuchanganye.

Wengi wetu hapa Australia supa tunaijua kama hela ya uzeeni tu, mwajiri anaweka, tangu Julai 2025 ni asilimia 12 ya mshahara, unasubiri mpaka miaka 60 basi. Lakini ndani yake mara nyingi kuna bima. Yangu ilikuwa na tatu, ya kifo, ya ulemavu wa kudumu na ya kipato, na hii ya kipato ndo nakuandikia. Ukiumwa ukashindwa kazi wanakulipa kila mwezi sehemu ya mshahara wako, mifuko mingi ya supa ni mpaka asilimia 75, yaani aliyekuwa anapata dola 1,200 kwa wiki anapata kama 900, nayo inakatwa kodi kama mshahara. Ada ya hiyo bima wanaichukua kwenye akaunti ya supa yenyewe, kwenye slipu ya mshahara huioni, kwa hiyo mtu anakaa miaka analipia kitu ambacho hata hajui kama anacho.

Unakumbuka kile kipimo serikali inatuma kwa posta ukifika miaka 50? Ndo kilichoniokoa. Kilionyesha damu kwenye choo, wakaingiza kamera, wakakuta saratani ya utumbo mpana, na baada ya opresheni wakasema imeshafika kwenye tezi hivo kemo lazima, yaani dawa za kuua saratani, miezi sita, kila wiki mbili. Unaanzia hospitali kwa dripu halafu unarudi nyumbani na kichupa kiunoni kinaendelea kuingiza dawa karibu siku mbili. Moja ya zile dawa inaitwa oxaliplatin, na we uliniona navaa glavu kufungua friji ukafikiri nasikia baridi tu, sio baridi mama, ukigusa kitu cha baridi vidole vinapigwa kama umeshika waya wa umeme, na maji ya friji ukimeza koo linabana. Sasa mtu wa hivo kazi yake ni kukata nyama kwenye chumba cha nyuzi 10, mkononi ana kisu kikali na vidole vina ganzi. Hapo kazi hamna.

Ndugu mmoja wa kanisani, kwa nia njema kabisa, akaniambia niandike barua ya kuacha kazi nipumzike. Sosho woka wa hospitali, yule afisa wa ustawi wa jamii, akasema hapana, usisaini chochote, kwanza piga simu kwenye mfuko wako wa supa uulize una bima gani. Mifuko mingine ukishatoka kwa yule mwajiri bima ya kipato inakatika au masharti yanabadilika, kwa hiyo mtu anaacha kazi akiwa mgonjwa ndo anajifungia mlango. Lishike hilo hata kama hutakumbuka mengine. Simu nilipiga na mkalimani wa TIS, huduma ya serikali ya ukalimani, 131 450, unasema Swahili wanakuunganisha. Watu wetu wengi wanamtumia mtoto kutafsiri, unakuta mtoto wa miaka 14 anamweleza baba yake habari za saratani na malipo, mimi hilo kwa mdogo wako sikulitaka kabisa.

Halafu kuna kipindi cha kusubiri. Kuna wa siku 30, wa 60, wa 90, yangu ilikuwa 90, na wanahesabu tangu daktari alipothibitisha huwezi kufanya kazi. Ndo maana cheti cha daktari uchukue mapema, siku ileile unayosimama kazi. Na hata 90 zikiisha hela haiji kesho yake, wanalipa mwezi ukishapita, kwa hiyo ni kama miezi minne bila kitu. Sisi tulivuka na siku za ugonjwa za kazini, mwenye ajira ya kudumu ana 10 kwa mwaka na zinajilimbikiza, kibarua wa casual hana, tukaongeza likizo, tukaongeza msaada wa serikali wa Centrelink, na benki tukawaomba watusogezee mkopo wa gari wakakubali, kumbe wana utaratibu wa watu waliokwama ila mpaka uulize. Bima ikianza kulipa Centrelink lazima uwaambie maana kwao hicho ni kipato, usipowaambia watakuja kukudai baadaye.

Fomu ni tatu kubwa, yako, ya mwajiri na ya daktari, pamoja na slipu za mshahara na karatasi za kodi. Ya daktari ndo iliyonitesa. Kwenye kale kasanduku kanakouliza kama mgonjwa anaweza kufanya chochote, daktari aliweka kazi nyepesi anaweza. Kwake ilikuwa kweli, nilikuwa natembea, naongea, najipikia uji. Kampuni ya bima ikashika hilo neno, wakaandika barua ndefu wanataka maelezo zaidi na malipo yakasimama. Nililia mama, nakwambia ukweli, sio kwa sababu ya ugonjwa, kwa sababu ya hiyo barua. Dawa yake ilikuwa karatasi moja tu, sosho woka alinikalisha tukaandika kazi yangu ilivyo, ubaridi wa chumba, uzito wa vipande, kisu, kusimama shifti nzima, na kwamba pale hakuna kazi nyepesi nje ya baridi, daktari bingwa akaisoma akaandika barua upya kufuata hayo, wakalipa pamoja na ya nyuma. Daktari anajua saratani, kazi yako haijui mpaka umweleze. Baadaye kila mwezi ni cheti kipya, nakala unabaki nayo, na kila simu unaandika tarehe na jina la uliyeongea naye.

Wangekataa moja kwa moja ningelalamika kwa mfuko wenyewe, wana siku 45 za kujibu, halafu AFCA, wale wanaosikiliza malalamiko ya bima na mabenki, ambayo ni bure. Na Cancer Council, 13 11 20, wanaweza kukutafutia mwanasheria wa bure ukikidhi vigezo vyao, kabla hujampa mtu asilimia ya hela yako.

Kuna watu walinisema eti nakula hela ya bima huku watu wanachanga. Ile michango ya kanisa ilitulisha na sitaisahau, Mungu awabariki wote. Ila bima sikumuomba mtu, nilikatwa ada yake miaka yote ninapasua nyama mule ndani, na nilipoumwa nikaidai, na wewe siku ikifika udai bila aibu yoyote.

Sasa ya kwako. Chini ya miaka 25, au salio likiwa chini ya dola 6,000, bima hawaiwashi wenyewe mpaka uombe, sasa una 26 kwa hiyo angalia kama akaunti ya zamani imeshawashwa. Ukiihamisha hela yote na kuifunga, bima ya mle inakufa. Ukiiacha miezi 16 bila mchango wowote kuingia nayo wanaikata, labda uwaandikie kwamba unaitaka. Na mifuko mingi ina ya kifo na ulemavu tu, ya kipato mpaka uiombe na wanauliza maswali ya afya, watauliza na kama mzazi aliugua saratani. Sema kweli, usinifiche, ukidanganya watakuja kukukatalia siku unayoihitaji. Na hilohilo la baba yako kaugua utumbo mwambie daktari wako wa huko, akupangie vipimo uanze lini, usisubiri 50.

Jumapili baada ya ibada nipigie ukiwa umefungua stetimenti za akaunti zote mbili, tutasoma kurasa za bima pamoja, tuone ipi ina ya kipato, inasubiri siku ngapi na inalipa miaka mingapi, ndo uamue ya kufunga.

Baba yako