Buibui wa Nyuma ya Cherehani

Walukuba, Jinja
Jumapili, 24 Novemba 2024

Mpendwa Sadiki,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Hawa kamaliza mitihani yake ya P7, darasa la mwisho la msingi, tunasubiri majibu. Mama Hawa anakusalimia, ingawa mimi kaninunia kidogo, na sababu utaiona huko mbele.

Ile picha niliyokutumia mwezi uliopita, ukacheka na kuniuliza kama wateja wamenikimbia mpaka napiga picha uchafu wa ukutani, haikuwa uchafu. Ni buibui. Mambo yake hayaenei kwenye meseji, ndiyo maana nimekaa chini nikashika kalamu.

Unaukumbuka ukuta wa chumba changu cha kushonea, ule wa nyuma ya cherehani, karibu na dirisha linalotazama Ziwa Victoria? Nyinyi wa Kisumu sina haja ya kuwaeleza vile vijidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi. Jioni vikiingia, ukuta wote unakuwa mweusi. Kati yao hutembea buibui wadogo kuliko kifungo cha shati, rangi ya vumbi, wasiojenga utando wa kutegea. Wanaruka tu. Kila Jumamosi Mama Hawa alikuwa anawapitia kwa ufagio mrefu pamoja na wengine wote, na mimi nilikuwa nampongeza.

Habari ya kamera unaijua nusu. Ilianza na lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, niliyoinunua Kampala kwa mtu aliyeniapia kuwa ni mpya. Nilipofika nyumbani nikaimulika, ndani mna ukungu kama mkate wa siku nne. Kuirudisha, hakunitambua tena! Basi nikakumbuka lenzi ya marehemu mzee, ile ya milimita 50 ya kamera yake ya filamu. Kijana mmoja hapa mtaani akanionyesha kwamba ukiigeuza kinyumenyume mbele ya kamera, inakuwa kama darubini ya kutazamia wadudu. Nilikuwa naishikilia kwa mkono tu, vumbi likaingia, wiki mbili kila picha ina madoa meusi. Sasa nimenunua pete yake ya kuishikiza.

Ila usidhani ni kazi ya kubonyeza tu. Sehemu inayotoka wazi ni nyembamba kama ncha ya kucha: jicho likiwa safi, miguu imepotea kwenye ukungu. Huzungushi kitu, unasogea mwenyewe, kiwiliwili kizima, kama vile unatunga uzi kwenye sindano, na pumzi umeibana. Mwanga wa kamera ulikuwa unawachoma, wanatoka weupe kama waliomwagiwa unga, mpaka nikaufunika kwa kipande cha bitana nyeupe iliyobaki kwenye koti la bwana harusi mmoja. Ushonaji umenisaidia kuliko nilivyotegemea.

Sasa msikilize. Siku bitana ilipokaa sawa, nikampata mmoja amenigeukia. Sadiki, uso mwekundu! Mwekundu kama mtu aliyetoka kula tambuu. Macho manne mbele, mawili makubwa kama taa za lori, mengine yamezunguka kichwa hadi yatimie manane. Na ukitazama ndani ya yale makubwa, weusi wake unahama, mara uko katikati mara pembeni, ilhali jicho lenyewe limeganda kichwani. Nimesoma kwamba kinachohama ni sehemu ya ndani inayopokea picha. Alikuwa ananikagua bila kusogeza kichwa. Halafu akabandika uzi wake ukutani, akaruka juu ya mbu aliyekuwa ametulia, tumbo limevimba na wekundu unaonekana kwa ndani. Damu hiyo bila shaka ni yangu, kwa sababu chandarua cha chumba kile kina tundu ninaloahidi kuliziba tangu Ramadhani.

Nikaanza kuulizia. Kuna buibui anayeitwa Evarcha culicivora, jina alilopewa mwaka 2003, na hilo la pili maana yake ni mla mbu. Anajulikana Kenya na Uganda, huku huku pembezoni mwa ziwa letu, na anapenda kukaa majumbani. Wamemchunguza sana huko kwenu Mbita. Kinachonishangaza ni uchaguzi wake. Ukuta umejaa vijidudu vya bure, yeye anamtafuta mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na hasa yule wa malaria. Hana mdomo wa kututoboa sisi, basi anaifuata damu ilikokwisha kuchotwa. Mwaka 2011 watafiti walitoa matokeo ya jaribio la kuwapa buibui hao harufu ya soksi: safi upande mmoja, zilizovaliwa upande mwingine. Walikaa zaidi kwenye zilizovaliwa.

Siwezi kukuapia kuwa wangu ndiye huyo, kwa picha tu. Lakini uso, ukubwa, mahali na chakula vyote vinamwelekea yeye. Nimempiga marufuku Mama Hawa kugusa ukuta ule, na ndipo alipoanza kuninunia.

Wengine nitakusimulia kwa ufupi. Nondo nilitaka kuwapiga usiku, nikatundika shuka nyeupe nje na balbu kali mbele yake. Nikasahau kuwa ni Novemba. Badala ya nondo wakaja nsenene, wale panzi wanaoliwa, na nyuma ya nsenene watoto wa mtaa mzima na makopo. Nilipata picha moja, ya mkono wa mtoto. Jirani yetu wa ukoo wa Nsenene, ambaye kwao kuwala ni mwiko, alikaa kwenye kigoda akituhesabia waliotuponyoka.

Vunjajungu nilimpata kwenye mpapai, alfajiri, saa ambayo wadudu bado wana baridi na hawakimbii. Nilipiga picha tatu nzuri. Ya nne ina kichwa cha paka. Ya tano ina paka peke yake, anatafuna.

Paka huyo, Pili, ndiye mgumu kuliko wote. Ni mweusi tii, na kamera ikiona weusi mwingi hivyo hudhani ni giza, inaongeza mwanga, anatoka kijivu kama majivu ya jikoni. Lazima uilazimishe ipunguze, umweke mlangoni ambako mwanga unamjia ubavuni, nawe ulale kifudifudi uwe sawa na macho yake. Mteja alinikuta hivyo sakafuni, akaenda kumwita Mama Hawa akidhani nimeanguka.

Wewe uko karibu na wataalamu, kwa hiyo nakuomba jambo moja. Tazama nyuma ya mapazia yenu jioni, ukimwona mdogo anayeruka mwenye uso wa tambuu, nipigie picha hata kwa simu, nilinganishe na wangu.

Mimi Jumatatu nilitundika soksi zangu mbili ukutani, moja safi, moja niliyoivaa siku tatu, nione mwenyewe. Jana ilikuwa Jumamosi. Safi ipo.

Wako,
Baba Hawa