Nyuki Wakiingia Darini, Usikimbilie Petroli

Simu tunazopokea sisi wahamisha nyuki wa Dodoma zinafanana: Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, hata nyumba mpya ambazo mwenyewe hajahamia. "Njooni mtuulie nyuki." Tunakuja, ila hatuui.

Mitaa hiyo juzi tu ilikuwa pori. Nyuki wetu hupenda kukaa kwenye mashimo ya miti mikubwa, na miti hiyo imekatwa kwa ajili ya viwanja, mashamba na mkaa. Dari lako lina giza na halina upepo. Kwa nini wasiingie?

Kwanza angalia ni nyuki wa namna gani. Kundi linaloning'inia kwenye tawi liko safarini. Halina masega wala majana (watoto wa nyuki) ya kulinda, kwa hiyo mara nyingi ni pole, na huondoka lenyewe baada ya siku chache. Usilirushie mawe, na watoto wakae mbali. Waliokwisha kujenga masega ni habari nyingine. Nyuki mmoja akiuma au akipondwa hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Ndiyo maana mtu aliyeanza na ufagio huishia kukimbia.

Petroli darini ni kuichoma nyumba yako mwenyewe. Dawa ya kupuliza nayo huua nyuki, lakini majana yanaozea humo humo, asali inavuja kwenye jipsamu, sisimizi na mende wanafuata. Asali hiyo hailiki tena. Na harufu ya nta ikibaki, msimu mwingine kundi jipya linarudi pale pale.

Sisi hufika jioni. Tunawatuliza kwa bomba la moshi, tunakata masega yenye majana na kuyafunga kwa uzi kwenye viunzi vya mzinga. Malkia akishaingia, wengine humfuata. Mzinga tunauhamisha usiku, kisha tunasafisha nta na kuziba tundu. Fundi wa kurudishia dari ni gharama ya pembeni. Tunalisema mapema kwa sababu ndilo hasa huleta mabishano.

Usumbufu wote huo wa nini? Muulize mkulima wa alizeti wa Kongwa. Kichwa kimoja cha alizeti kina mamia ya maua madogo, na nyuki wakipungua, punje tupu huongezeka: unavuna kichwa kikubwa, mafuta kidogo. Tikiti, matango na maboga ndiyo kabisa, maana ua la kike halipati chavua bila mdudu wa kulipelekea. (Zabibu zetu za Dodoma hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, tusizisingizie.) Ulaya walipiga marufuku viuatilifu vitatu mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Hapa kwetu, mwenye shamba aanze na jambo jepesi: anyunyizie dawa jioni, nyuki wakiwa wamerudi mizingani.

Ukitupigia, tuambie wamekaa muda gani, dari lina urefu gani, na kama kuna mfugo amefungwa karibu. Mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Kama mtu ameumwa mara nyingi, amevimba uso au anahema kwa shida, mpelekeni hospitali kwanza. Sisi tutasubiri.