YAH: Pikapu mliyoniuzia kuwa ina difu ya LSD

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampala.

Ndugu Meneja,

Pikapu niliyonunua kwenu, iliyotumika kutoka Japani, mliiandika kwenye tangazo na kwenye risiti kuwa "difu ya nyuma LSD", yaani difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) isiyoacha tairi moja liteleze peke yake, na kwa herufi hizo tatu mkapandisha bei. Mimi hubeba kakao kutoka vijiji vya milimani Bundibugyo. Mvua ikinyesha huku, difu hiyo si pambo.

Gari likikwama, tairi la nyuma la kushoto linazunguka na kurusha tope hadi kwenye turubai. La kulia limetulia kama limeegeshwa.

Fundi wangu alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akainua ekseli yote ya nyuma kwa jeki, akaweka gia nyutro na kuachia hendibreki. Alipozungusha tairi moja kwa mkono, la pili lilikwenda kinyume, tena laini, bila kukaza hata kidogo. LSD ya sahani, yaani inayobana kwa sahani za msuguano, ikiwa nzima, matairi yote mawili huzunguka upande mmoja. Kibandiko cha kuagiza oili ya LSD bado kipo kwenye difu, hivyo naamini sahani zake zimelika zikaisha.

Mhudumu wenu aliniambia kwa simu nibadilishe oili. Nimebadilisha, nikaweka ya LSD yenyewe, hali ni ileile. Oili hunyamazisha difu inayogugumia kwenye kona. Sahani zilizokwisha hairudishi. Kisha akasema niwashe fowili (sijui kama amewahi kutoka nje ya lami). Fowili huunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, lakini kwenye ekseli moja tairi linaloteleza litaendelea kuteleza peke yake. Na kule kunizungusha kwenye yadi yenu kavu hakuthibitishi lolote: hapo hata difu ya kawaida huenda vizuri.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Naomba mfungue difu kwa gharama zenu, fundi wangu akiwapo, muweke sahani mpya, kisha gari lipigwe jeki tena mbele yetu sote. La sivyo, nirudishieni ile nyongeza ya bei.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, nitakwenda mahakamani na risiti yenu pamoja na video ya jaribio.

Mteja wenu,
Bundibugyo.